Bila Kengele, Usivute

Kila asubuhi, kabla hajagusa chai, dada yake Kinyozi hutoka uani akiwa na tambara mkononi na kulipitisha juu ya kamba ya kuanikia nguo, kuanzia nguzo moja hadi nyingine, taratibu, kama mtu anayempapasa mtoto mwenye homa. Kamba yenyewe ni ya waya wa kawaida, na kitu kizito kuliko vyote kilichowahi kuning'inia hapo ni blanketi lililolowa. Lakini yeye hafuti vumbi. Anatafuta uzi uliokatika. Waya uliosokotwa huanza kufa kwa uzi mmoja, mwembamba kama unywele. Jicho hupita bila kuuona, ila tambara hunasa. Akifika mwisho na tambara halijanasa popote, hulitundika msumarini, husema "Haya," kana kwamba amemruhusu mtu kupita, ndipo huingia ndani kuuliza chai iko wapi.

Majirani wapya hucheka. Majirani wa zamani huwaambia wanyamaze.

Kinyozi humwona kila siku, maana dirisha la nyuma la duka lake linatazama uani kwa dada yake, na saa hiyo yeye huwa anachemsha maji ya kunyolea na kufagia nywele za jana. Huwa haongei naye. Humtazama tu mpaka amalize, kisha hurudi kwenye ufagio wake akiwa amesimama wima kidogo kuliko alivyokuwa. Akitokea mteja wa alfajiri akamwuliza yule mama anatafuta nini kwenye kamba ya nguo, basi amekwisha. Mteja atanyolewa nusu kichwa, atasimuliwa, na nusu ya pili haitaguswa mpaka hadithi ifike mwisho. Wapo waliowahi kuchelewa kazini kwa ajili ya habari hiyo. Wapo pia wanaokuja wakiwa hawana hata nywele za kunyoa.

Kwa miaka mingi dada yake alikuwa mwendesha winchi kwenye shimo la shaba lililo nyuma ya kilima. Shimo lilishuka wima kama kisima, na chini yake ndipo mapango ya wachimbaji yalipoanzia. Njia ya kwenda na kurudi ilikuwa moja tu: ndoo kubwa ya chuma iliyofika mtu kifuani, iliyoning'inia kwenye kamba ya chuma. Kamba ilipita juu ya kapi lililofungwa kwenye mnara, ikaingia kwenye kibanda, ikajiviringisha kwenye ngoma ya winchi. Ndoo hiyo wachimbaji waliiita Kikombe. Ilichukua watu wanne wakibanana kama dagaa, na kila mmoja aliyepanda humo aliuacha uhai wake kwenye mkono wa mtu aliyekaa kibandani, asiyemwona wala kumsikia.

Kwa sababu ya kutoonana huko kulikuwa na kengele. Ugwe mwembamba ulishuka ukutani mwa shimo mpaka chini kabisa, na ncha yake ya juu ilifungwa kwenye kengele ya shaba iliyo juu ya kichwa cha mwendesha winchi. Mlio mmoja wa kengele maana yake simama. Miwili, pandisha. Mitatu, shusha. Ukivutwa mfululizo, kuna hatari. Mtoto wa pale aliyajua hayo kabla hajajua kuhesabu mpaka kumi. Na ukutani, kwa rangi nyeupe iliyorudiwa kila mwaka, yaliandikwa maneno matatu: BILA KENGELE, USIVUTE.

Aliyeyaandika mara ya kwanza ni baba yao.

Mzee huyo alishika winchi kabla ya binti yake. Siku moja alipokuwa bado kijana, mtu mmoja aliyekuwa amelala kifudifudi mdomoni mwa shimo akichungulia alimpigia kelele kwamba wa chini wameshapanda, avute. Akavuta. Kumbe mmoja alikuwa ameingiza mguu mmoja tu. Baada ya siku hiyo Mzee aliishi miaka mingi, akaoa, akazaa, akacheka kama watu wengine, lakini hakuwahi tena kuusikiliza mdomo wa mtu yeyote aliyesimama juu ya ardhi. Binti yake alipoanza kumpelekea chakula cha mchana na kukawia kibandani kutazama ngoma ikizunguka, hakumfukuza. Alimfundisha kupitisha tambara juu ya kamba, alimfundisha kusikia uzito kwa kiganja, jinsi kamba inavyoshtuka mtu mmoja akipanda na inavyoshtuka akipanda wa pili. Na kila alipomaliza kumfundisha alirudia lile lile: wa juu wana midomo, wa chini wana kengele.

Mgongo wa Mzee ulipokataa kazi, mwenye mgodi hakuwa na mtu mwingine aliyeijua winchi ile, nayo ilikuwa kongwe na yenye visirani. Akamweka binti. Wachimbaji wakagoma kupanda. Walisema winchi si ufagio. Mmoja alisema afadhali ashuke kwa meno. Wakakaa kando ya shimo asubuhi nzima wakitafuna majani na kurushiana vijembe, na yeye akakaa kibandani, mikono magotini, hasemi neno, tambara begani.

Ndipo akainuka kijana mmoja mkimya, mpasua miamba, ambaye hata wenzake walikuwa hawajui sauti yake vizuri. Akaingia kwenye Kikombe, akasimama humo peke yake, akawatazama. Akashushwa. Kamba ikashuka kama mafuta, haikutikisika. Baada ya muda kengele ikalia miwili, akapandishwa. Wenzake wakamzonga wakimwuliza vipi.

"Nilisinzia," akasema.

Hiyo ndiyo hotuba ndefu aliyowahi kuitoa mbele ya watu, na ilitosha. Kuanzia siku ile walipanda wote. Mwaka uliofuata kijana huyo akawa shemeji yake Kinyozi. Kinyozi husema wanaume wengine hutongoza kwa maneno matamu, wengine kwa zawadi, ila shemeji yake alitongoza kwa kengele, na jibu alipewa kwa breki.

Wakati huo Kinyozi hakuwa kinyozi. Alikuwa mchimbaji kama wenzake, mdogo kuliko wote kwenye zamu ya shemeji yake, maana shemeji alikuwa amepanda cheo na kuwa mkuu wa zamu. Kwenye shimo lile mkuu wa zamu alikuwa na heshima moja tu iliyomtofautisha na wengine: alishuka wa kwanza na kupanda wa mwisho. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo popote. Lakini mkuu wa zamu ambaye angeonekana juu wakati mtu wake yuko chini, asingethubutu hata kupita sokoni.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Mvua zilikuwa zimekatika, jua limewaka, na watu saba walishuka wakitaniana. Kabla ya chai ya saa nne, shemeji aliona ukuta wa upande wa kushoto unatoa jasho. Nyuma ya ukuta ule kulikuwa na shimo la kale lililoachwa, na kumbe miaka yote lilikuwa likikusanya maji kimyakimya kama mtu anayekusanya kinyongo. Aliweka kiganja ukutani, akaukimbilia ugwe, akaupiga mfululizo. Ukuta ukapasuka nyuma yake.

Kinyozi anakumbuka baridi. Maji yalimfika magotini kabla hajageuka, kiunoni kabla hajafika kwenye Kikombe. Anakumbuka gogo la kushikilia paa likianguka na kumbana Twiga mguu, Twiga yule mrefu aliyekuwa akiinama kila mahali. Anakumbuka shemeji yake akinyoosha kidole, bila haraka: wewe, wewe, wewe, na wewe. Wa nne alikuwa yeye. Shemeji na mchimbaji mmoja wa makamo wakabaki na Twiga. Kengele ikapigwa miwili, na Kikombe kikainuka.

Alipotoka juu, macho yake yakiwa bado yamejaa giza, alimwona dada yake kupitia mlango wa kibanda ulio wazi. Dada hakumkumbatia. Alimtazama usoni mara moja, akawatazama watatu wengine, na Kinyozi akajua kwamba amehesabu na ameelewa ni nani hayupo.

"Mguu wa Twiga umebanwa na gogo," Kinyozi akamwambia akihema. "Niache nirudi nao. Wako wawili tu, hawataliinua."

Kikombe kilikuwa tupu, kinangoja kushushwa. Msimamizi wa mgodi alikuwa ameshafika mbio, na watu wa mitambo, na wapita njia. Wote walimsikia kijana akiomba kurudi, na wote walimtazama kwa macho ya kumstahi. Ndivyo shujaa anavyosema. Kinyozi mwenyewe, akisimulia, hukiri kwamba alijisikia mrefu kuliko Twiga.

Dada yake akamwuliza kitu kimoja: wakipanda watatu, yeye wa nne atapanda wapi na Twiga hawezi kusimama? Mtu ambaye mguu umevunjika atalazwa, na akilazwa atachukua nafasi ya wawili.

"Watie mtaimbo," dada akasema. "Wewe kaa."

Wakautia mtaimbo wa chuma, mzito, mrefu kama mtu, Kikombe kikashuka nao. Na hapo ndipo kungoja kulipoanza.

Siku nyingine zote dada angeweka kiganja chake juu ya kamba na kuisoma kama mganga anavyosoma mapigo ya moyo. Angejua nani ameshika ukingo, nani ameingia. Lakini siku ile maji yalikuwa yamepanda chini ya Kikombe na kukifanya kielee, na kamba ikalegea. Haikuwa na uzito. Haikumwambia kitu. Kinyozi alimwona akiishika, akiiachia, akiishika tena, kisha akauondoa mkono na kuuweka kwenye breki.

Kengele kimya.

Msimamizi alikuwa ameshachungulia shimoni na kurudi. Akasema ugwe umekatwa na maji. Kwa jinsi yalivyokuwa yakinguruma kule chini hakuna ugwe ambao ungeweza kuhimili. Wale watu, akasema, huenda wameshapanda, wanauvuta ugwe uliokatika, wanashangaa kwa nini hawapandishwi, na maji yanawafika shingoni.

Ni lazima hapa msimamizi atendewe haki, na Kinyozi humtendea. Hakuwa mtu mbaya, wala mjinga. Miaka ya nyuma, kwenye mgodi mwingine, alikuwa amesimama juu ya shimo akingoja ishara kama alivyofundishwa, na ishara haikuja, na walipovuta hatimaye walikuta watu wamo ndani ya ndoo, wamekaa vizuri, wameshakufa kwa hewa chafu. Wangevutwa mapema wangepona. Basi pale kibandani walisimama watu wawili, na kila mmoja alikuwa na maiti wake. Maiti wa huyu, wa kurithi kwa baba yake, alikufa kwa sababu mtu alivuta. Wa yule walikufa kwa sababu mtu alingoja. Hakuna aliyekuwa anabahatisha, na hakuna aliyekuwa na uhakika. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nao wote wawili walikuwa wamelala juu, kwenye ardhi kavu.

"Mama, vuta," msimamizi akasema.

"Hawajaniita."

"Ugwe umekatika."

"Labda."

"Labda? Mume wako yuko chini."

"Najua aliko," akasema.

Watu wakaanza kupiga kelele. Mmoja alimwambia ana moyo wa jiwe. Mwanamke mmoja, mke wa yule mchimbaji wa makamo, alipiga magoti mlangoni mwa kibanda na kumwomba, kwa jina la watoto wake, avute. Hilo, Kinyozi husema, ndilo lililokuwa zito kuliko yote, zito kuliko maji. Dada alimwangalia yule mama, akamwambia kwa upole aingie akae karibu naye, kuna stuli. Basi. Hakumwahidi kitu.

Kinyozi naye alipiga kelele. Hafichi. Alikuwa ametoka chini muda huo huo, ameyaona maji, na aliamini kwa moyo wake wote kwamba ugwe umekatika. Alimwita dada yake, akamwambia vuta, dada, utawaua. Dada hakugeuka. Jicho lake lilikuwa kwenye kengele, na shingo yake ilikuwa imesimama kama ya mtu anayesikiliza hatua za mgeni nje ya nyumba.

Msimamizi akasema kwamba sasa anatoa amri. Kisha akapiga hatua na kunyoosha mkono kuufikia mkono wa winchi.

Dada hakumsukuma. Alisema tu, bila kupaza sauti, "Ukiugusa, vuta wewe, na uwazike wewe."

Mkono wa msimamizi ukasita hewani, lakini haukurudi. Na katika nafasi hiyo ndogo Kinyozi alitakiwa achague, na hakuna aliyemsaidia kuchagua. Akili yake ilikuwa upande wa msimamizi. Alikuwa na hakika dada yake amekosea, na kwamba kosa hilo litamgharimu shemeji yake, mtu aliyemnyooshea kidole na kumpa nafasi ya nne. Kama angemsaidia msimamizi, wawili hao wangemwondoa dada pale kwenye kiti bila shida. Ila alimwona jinsi alivyokaa. Alikuwa amekaa kama Mzee.

Akaingia kati. Akasimama, mgongo wake kwa dada yake, kifua chake kwa msimamizi, nguo zinamchuruzika, meno yanagongana. Hakubadilisha mawazo. Bado aliamini ugwe umekatika. Aliposimama pale alikuwa anasimama na mtu, hakuwa anasimama na hoja.

Wakabaki hivyo. Yule mama kwenye stuli alikuwa ameacha kulia.

Kengele ikalia. Mara moja.

Mlio mmoja. Simama. Wakangoja wa pili, kila mtu pale ameinua kidole cha pili bila kujijua, na wa pili haukuja. Mtu mmoja nje akaguna kwa uchungu. Lakini dada alishusha mabega, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akavuta pumzi mpaka chini. Ugwe ulikuwa mzima. Chini kulikuwa na mtu hai, mwenye akili timamu, na alikuwa anamwambia: usiguse.

Baadaye walijua. Mtaimbo ulikuwa umefanya kazi yake, gogo limenyanyuka, na wakati ule msimamizi aliponyoosha mkono, Twiga alikuwa amelazwa juu ya ukingo wa Kikombe, kichwa na kifua ndani, kiuno na miguu nje, wenzake wawili wakiwa majini wanamsukuma. Mdomo wa pango ulikuwa umeshafunikwa, na ukingo ulikuwa shibri moja tu kutoka kwenye mwamba. Kingeinuka wakati ule, kisingempandisha Twiga mzima. Shemeji hakuwa na mkono wa kupiga kengele, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imemshika mtu. Alipopata mmoja, aliutumia kusema simama, maana alijua juu kuna watu na watu wana midomo.

Kisha ikalia miwili.

Alivyovuta ndipo penye mafunzo, husema Kinyozi, na hapo hushusha wembe. Mtu yeyote angevuta kwa pupa. Yeye alikaza kamba iliyolegea kidogokidogo mpaka ikapata uzito, akahisi uzito, wa kwanza, wa pili, wa tatu, ndipo akaachia breki. Kikombe kilipanda kwa mwendo ule ule wa kila siku, mwendo wa mtu anayesinzia. Hakikugonga ukuta hata mara moja. Alikuja Twiga, amekunjwa kama kitanda cha safari, mguu umeelekea usipopaswa. Alikuja mchimbaji wa makamo, ambaye mkewe alitoka mbio akaangusha stuli. Na nje ya Kikombe, amesimama juu ya ukingo, ameikumbatia kamba, maana ndani hapakuwa na nafasi, alikuja shemeji.

Alishuka wa mwisho. Akaja mpaka mlangoni mwa kibanda, akasimama akitiririka maji, akamtazama mkewe. Watu walingoja aseme neno kubwa.

"Leo sikusinzia," akasema.

Dada yake akacheka. Alicheka mpaka akajishika tumbo, mkono mmoja bado uko kwenye breki, machozi yanamtoka, na Kinyozi, aliyekuwa bado amesimama kama nguzo, akaketi chini pale pale.

Mwandishi wa gazeti alikuja. Mwenye mgodi alikuja, akasema maneno, akampa dada saa ya ukutani ambayo mpaka leo iko mbele dakika ishirini. Mwandishi akamwuliza dada, shujaa wa siku ile, alifanya nini, naye akajibu kwamba hakufanya kitu. Gazeti likaandika kwamba ni mnyenyekevu. Kinyozi huwa hakubaliani na gazeti. Husema dada yake si mnyenyekevu hata kidogo, mwulizeni kuhusu mapishi yake. Alikuwa anasema ukweli mtupu. Hakufanya kitu, na katika siku ile hicho ndicho kilichokuwa kigumu kuliko vyote. Wengine wote walikuwa na kitu cha kufanya.

Shimo lilifungwa miaka michache baadaye. Kinyozi akaacha migodi, akashika wembe. Twiga anachechemea. Shemeji anafuga kuku na bado haongei. Msimamizi naye alistaafu, akanunua nyumba mtaa wa pili, na huja kunyolewa kila wiki. Na hadithi inapofika mahali pa mkono wake kunyooshwa, Kinyozi huwa na desturi ya kuuegemeza wembe shingoni mwa mteja wake huyo.

"Simulia ukweli wote, sina kinyongo," Mzee msimamizi husema, "lakini kitu hicho kiweke chini kwanza."

Alikuwa kwenye kiti hicho hicho juzi, povu limemjaa kidevuni, wakati binti wa dada alipokuwa amekaa kwenye benchi na kitabu. Amekuja likizo kutoka chuo kikuu. Ni binti asiyependa kuongea. Amechukua kwa baba yake. Kitabu chake kilikuwa cha visa vya hatari na mashujaa wake, na mjomba wake alimtania kwamba anasoma ya mbali na ya karibu yamo nyumbani kwao yanakunywa chai. Akamwuliza mashujaa wa humo hufanya nini wakifika njia panda. Binti akafikiri, akasema kwa sauti ndogo kwamba wengi huruka: maji, moto, shimo, lolote, huruka. Msomaji hupewa kurasa za kuogopa pamoja nao, lakini mwandishi ameshawajulisha wapi pa kuangukia.

Kinyozi akaipenda hiyo. Akamgeukia Mzee msimamizi na kumwambia unaona, ndiyo tofauti. Dada yangu naye alijua. Alikuwa na damu ya kamba. Alijua kwamba shemeji yuko hai, alijua kengele italia, alijua tangu mwanzo, ndiyo maana hakutetereka. Amekuwa akiimalizia hivyo hadithi yake kwa miaka yote, na wateja hukitikisia kichwa kifungu hicho kama wanavyoitikia amina.

Mlangoni alikuwa amesimama dada yake mwenyewe, amekuja kuwaita kula. Alikwishazoea kuikuta habari yake katikati. Alimwondolea Mzee msimamizi nywele iliyomwangukia begani, akamwuliza hali, akamwambia binti yake afunge kitabu, chakula kinapoa.

Binti hakuinuka. Uso ulimwiva, akakishika kitabu kwa mikono miwili.

"Mama," akasema, "ulijua kwamba baba yuko hai?"

Wembe wa Kinyozi ukasimama. Miaka yote hiyo alikuwa amemsemea, na ndipo alipotambua kwamba yeye, mdogo wake wa toka nitoke, hajawahi kumwuliza.

"Hapana," dada akasema. "Sikujua. Lakini baba yako alijua kwamba sivuti mpaka aniambie. Ningevuta, angekuwa ameniamini bure."